Tope la Katuma Lina Rangi Gani? Uhakiki wa Picha 22 za Wenzangu

Ndugu msomaji, usishangae kukuta makala ya picha katika jarida la uhakiki wa fasihi. Mhariri naye alishangaa. Tulibishana wee, mwishowe akakubali kwa sharti moja: nisilitumie neno "nzuri" isipokuwa kwa kulinukuu. Sharti hilo nimelipokea kwa mikono miwili, kwa sababu neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tangu tutundike picha zetu 22 kwenye korido ya idara, wiki tatu sasa, sijasikia jingine. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapita: "Nzuri!" Wahadhiri wetu wanapita na mafaili kwapani: "Nzuri, endeleeni." Jamani, shairi la beti nne tunalikalia semina nzima mpaka watu wananuniana, lakini picha ambayo mtu kaihangaikia siku tatu juani tunaimaliza kwa silabi mbili. Huko si kuhakiki, huko ni kusalimia.

Madhumuni ya makala haya basi ni kuzisoma picha hizo kama tusomavyo tungo: zimesema nini, zimesemaje, na zimenyamazia nini. Hili la tatu ndilo litakalonichukulia nafasi kubwa, na msomaji ataona sababu yake mbele.

Kwanza asili ya picha zenyewe. Likizo iliyopita, kati ya Julai na Agosti, tulikuwa wanafunzi watano mkoani Katavi. Wanne tu wenyeji, wa tano alikuja kutalii kwa kuwa alipata lifti ya lori. Kamera halisi zilikuwa mbili, moja ya kuazima. Wengine tulitumia simu. Majina ya wenzangu siyataji, maana tunalala hosteli moja na mmoja wao ana mkono mzito. Nitawaita kwa walikotoka: wa Karema, wa Inyonga, wa Nsimbo, na Mgeni. Aliyebaki ni mimi, mtoto wa Mpanda mjini, na picha zangu nazo zitapita kwenye chekeche hilihili.

Kwa asiyeijua Katavi: ni mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao yake makuu Mpanda. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki kuna misitu ya miombo ya Mlele inayosifika kwa asali, kusini kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi ikafikia kilomita za mraba 4,471. Mto Katuma unapita kwenye mabonde ya mpunga ya karibu na Mpanda, unafika Sitalike, unaingia hifadhini kulisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na maji yake, yakibaki, huelekea Ziwa Rukwa. Mto huo uwekwe akilini. Tutaurudia.

Zilipokwisha kutundikwa, picha zilijigawa zenyewe kambi mbili, nasi tukagawanyika pamoja nazo. Ukutani kushoto ziko picha za maumbile: viboko, ndege, miti, jua. Kulia ziko zile tulizoziita dhahania, yaani picha ya rangi ambayo ukiitazama huoni kitu kwa jina lake, unaona mistari, madoa, wekundu na weusi basi. Ubishi uliozuka hapo sikuuona mgeni hata kidogo. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, jirani zetu wa ziwani, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na wanamapokeo wakauliza kama yale nayo ni mashairi. Sasa swali limehamia koridoni kwetu: "Hii nayo ni picha?" Na wa upande wa pili wanajibu kama walivyojibu wenzao wa zamani, kwamba wewe umezoea kusinzia kwenye vina.

Mimi niliingia katika ubishi huo nikiwa upande wa kulia, tena kwa kelele. Nimetoka nikiwa sina upande.

Nianze na kushoto. Picha ya maumbile ina vina na mizani yake, na wenzangu wamezishika sheria hizo kuliko wanavyozishika za maktaba. Jua liwe chini kidogo ya katikati. Mti mmoja usimame kando, mweusi. Ndege akijaaliwa apite. Kiboko sharti apige miayo. Picha 9 ziko hivyo. Sheria si kosa. Shairi la vina likitungwa na mtunzi anayejua kwa nini anatumia vina, hukata maini. Kosa ni kutunga kwa sikio la mtu mwingine.

Mfano ni jua la wa Karema. Mwenzetu huyu kazaliwa ufukweni. Kila jioni ya utoto wake jua limezama mbele ya macho yake, ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Nimewahi kulala kwao. Jua la Agosti kule, wakati hewa imejaa vumbi na moshi wa mioto ya misituni, huzama kimyakimya, limefifia, rangi ya kiini cha yai la kuku wa kizungu. Unaweza kulitazama bila kukunja uso. Hilo ndilo jua analolijua yeye na ambalo mimi na wewe hatulijui. Sasa tazama ukutani. Amelikoleza kwenye simu mpaka limekuwa damu ya mzee, ziwa limekuwa zambarau, na mtumbwi uliokuwa na wavuvi wawili umekuwa doa jeusi la mapambo. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Si ndivyo watu wanavyopenda?" Watu gani? Mtu aliyeamka na ziwa hilo kwa miaka 20 amelipiga kama aliyeshuka kwenye ndege jana. Picha hiyo nimeiona kwenye kalenda zisizo na idadi, na kila mara ilikuwa na mnazi au mbuyu badala ya mtumbwi.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ana picha ukuta wa pili inayozidi karibu zote. Ni dagaa walioanikwa. Fremu nzima, ncha mpaka ncha, ni fedha tupu: maelfu ya vijistari vinavyometa, vimelala huku na huku kama maandishi ya lugha usiyoijua. Ukisimama mbali unadhani ni kitambaa, au maji. Ukikaribia, kwenye kona ya chini, kuna kidole gumba cha mguu wa mtu, kina magamba yameganda juu yake. Wa Karema alitaka kukikata. Alisema kiliingia kwa bahati mbaya na kinaharibu udhahania. Nilimsihi akiache na namshukuru kwa kunisikiliza. Bila kidole hicho tungekuwa na mchoro wa fedha. Pamoja nacho tuna ukubwa wa dagaa, tuna mtu anayewageuza, tuna jua la saa saba mgongoni mwake. Kidole kimoja kimebeba maudhui yote, na fani haikupungukiwa kitu.

Turudi kushoto, kwa viboko wa Mgeni. Hii ndiyo picha iliyochapwa kubwa kuliko zote na ndiyo inayosifiwa zaidi. Kiangazi kinapokolea, maji ya Katuma hupungua yakabaki madimbwi, na viboko wa eneo zima husongamana humo, mgongo juu ya mgongo, wakigombana. Mgeni amewapiga kwa lenzi ndefu. Migongo imepangika kama mawe ya mtoni, tope linang'aa, mmoja katikati amefungua kinywa kama ilivyo sheria. Chini ameandika: "Wafalme wa Katuma, Hifadhi ya Katavi."

Kwa upande wa ufundi sina neno. Ila mimi nilikuwepo, na uhakiki wa shahidi una raha yake. Hatukuingia hifadhini siku ile, maana hela ya kukodi gari hatukuwa nayo. Tulisimama Sitalike, kijijini, darajani, ambapo viboko huonekana bila kiingilio. Nyuma ya Mgeni palikuwa na bodaboda wanne wakingoja abiria. Kushoto kwake palikuwa na mama anauza mihogo ya kuchemsha, ambayo mimi nilikuwa naila. Watoto wa shule wameegemea ukingo wa daraja, wanabishana yupi dume. Ng'ambo ya dimbwi, juu tu ya ule mgongo wa mwisho kabisa, palikuwa na kijana na baiskeli yenye madumu, anasubiri viboko watulie ateke maji. Huyo kijana alikuwa ndani ya fremu. Nilimwona kwenye kioo cha kamera. Amekatwa baadaye.

Simlaumu Mgeni peke yake, ndiyo mila ya picha hizi dunia nzima: hapa pana mnyama, kwa hiyo hapana mtu. Lakini angalia kejeli yake hapa kwetu. Jina lenyewe la hifadhi, kwa mujibu wa simulizi za Wabende, linatokana na Katabi, mwindaji wa kale ambaye roho yake inaaminiwa kukaa kwenye mkwaju mmoja karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakipeleka sadaka zao chini ya mti huo. Yaani hata pori hilo tunaliita kwa jina la mtu, halafu picha inatuambia hapana mtu aliyewahi kupita.

Katika kambi hii ya kushoto iko picha moja ninayoitetea mbele ya yeyote, nayo ni ya wa Inyonga. Ni mti wa miombo mwishoni mwa Agosti. Majani yake ni mekundu, na wengi wa wanaopita husema, "Maskini, ukame." Sivyo. Miombo mingi huchipua kabla ya mvua, na majani yake machanga hutoka yakiwa mekundu ndipo baadaye yageuke kijani. Ule wekundu tunaousikitikia ni utoto. Wa Inyonga, aliyekulia kwa warina asali, anajua hilo, na hakuandika maelezo yoyote. Ameliacha kosa letu lituumbue wenyewe. Tena juu, katikati ya matawi, umening'inia mzinga wa nyuki. Hakuukata. Picha ya maumbile yenye kazi ya mtu ndani yake, na bado ni maumbile.

Picha zake nne za asali kwenye chupa zilizoelekezwa juani nazipita. Moja ingetosha. Asali hata iwe tamu vipi hailiwi kwa kikombe.

Sasa kulia. Hapa kuna lawama inayorudiwa kwamba picha hizi "hazieleweki." Lawama hiyo siipokei hivihivi. Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991 wasomaji wengi walilalamika vivyo hivyo, na leo vitabu hivyo bado vinasomwa na kutafitiwa. Ugumu si dhambi. Swali langu kwa picha dhahania ni jingine, nami nimelipata kwenye lugha yetu wenyewe.

Hebu fikiri jinsi Kiswahili kinavyotaja rangi. Zenye vivumishi vyake hasa, vinavyobeba viambishi vya ngeli, ni tatu: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingi ya zilizobaki zimekopwa kwa vitu. Kijani ni majani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, zambarau ni tunda, chungwa ni chungwa. Tuna rangi ya udongo, ya ugoro, ya maziwa, ya kutu. Mtu ni maji ya kunde. Hata huo wekundu uliokolea tunauita damu ya mzee, na huwezi kuutamka bila mzee kupita akilini. Kwa lugha hii rangi haizururi yatima, ina mwenyewe. Kwa hiyo anayepiga picha ya "rangi tupu" halafu akaitundika mbele ya Waswahili amejitwisha mtihani: mtazamaji atakapoitaja rangi ile kwa kinywa chake, kitu kitarudi. Je, kitakachorudi ni kile alichokificha mpiga picha, au ni kingine? Kipimo hiki ni changu, kina matundu, lakini nilizunguka nacho korido nzima na kilinisaidia.

Kwa kutu ya wa Nsimbo kilifaulu. Mwenzetu huyu alikwenda stesheni ya Mpanda akapiga ubavu wa behewa bovu, karibu sana, mpaka behewa likapotea. Kimebaki kipande cha rangi ya zamani kinachobanduka, chini yake kutu za aina tatu nne, nyingine nyekundu, nyingine ya ugoro, na chini kulia nusu ya tarakimu, huenda 3, huenda 8. Ameiita "Dhahania Na. 7." Na. 1 mpaka 6 hazipo, nilipomwuliza alicheka. Lakini simama uitaje rangi: "rangi ya kutu." Ukishasema kutu umeshasema chuma, na Mpanda ukisema chuma umesema reli, ile njia ya kutoka Kaliua iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kufuata madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, mji ukabaki na reli, na reli ndiyo iliyotuzaa wengi wetu, maana babu zetu walishuka stesheni hapo na masanduku yao. Hayo yote yamo kwenye picha, hayakuandikwa, ila hayakuzuiwa kurudi.

Ng'ambo ya ziwa, Lubumbashi, yuko msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi wa enzi ya Wabelgiji, akazikata, akazibandika juu ya picha zake za rangi za viwanda vilivyobaki magofu. Yeye hakuridhika na kutu ijisemee, aliwarudisha watu kwa mkono. Sisemi wa Nsimbo amuige. Nusu ya tarakimu ile inafanya kazi kama hiyo kwa sauti ya chini. Angeifuta, ningebaki na ubao wa rangi za kuchagulia mabati.

Nimefika sasa kwenye picha iliyonipa kichwa cha makala, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa kuwa mambo yanakaribia nyumbani.

Ni ya wa Inyonga tena. Alishuka chini ya daraja la Sitalike, mbali kidogo na viboko, akapiga tope lililokauka la kando ya Katuma. Nyufa. Hakuna mbingu, hakuna ukingo, vipande tu vilivyopindika ncha kama chapati zilizokaushwa, na kati yao mistari myeusi. Rangi yake nimeshindwa kuitaja kwa siku kadhaa. Asubuhi, dirisha la mashariki likileta mwanga, ni ya majivu. Jioni ni ya ugoro. Katika kona moja ya juu kuna doa la kahawia iliyoiva, bichi, inaelekea ndipo dimbwi linapoanzia. Inatisha, na inavuta. Nasema bila kusita kwamba ndiyo picha yenye nguvu kuliko zote 22.

Ila tofauti na dhahania nyingine, hii ina maelezo. Kwa wino mwekundu, kwenye kadi: "Athari za shughuli za kibinadamu."

Shughuli za kibinadamu ni mjomba wangu.

Sitanii. Mjomba analima mpunga bondeni, juu ya mto, kabla Katuma haujafika Sitalike. Alinilipia ada ya kidato cha tano na cha sita kwa mpunga huo. Msimu wa mvua analima kama kila mtu, na kiangazi hulima jaruba chache kwa maji ya mfereji. Mfereji unatoka kwenye banio, na banio ni mifuko ya mchanga na magogo yaliyolazwa mtoni ili maji yapande. Kuna la mjomba na jirani zake, na kuna mengine juu na chini. Miaka imepita watu wa hifadhi na serikali wakilalamikia mabanio ya Katuma, na wana haki ya kulalamika, kwa kuwa nimewaona wale viboko. Sababu ziko nyingi, kuna miti iliyokatwa kwenye vyanzo, kuna mifugo, kuna miaka ya mvua haba. Mabanio nayo yamo, sikatai. Ninachosema kama mhakiki ni kwamba "shughuli za kibinadamu" ni tungo isiyo na mhusika. Ingekuwa riwaya tungeiita ya kihubiri. Mtenda hana uso, hana shamba, hana mpwa anayesoma chuo kikuu. Wa Inyonga alimkata mtu kwenye picha, kisha akamrudisha kwenye kadi akiwa mshitakiwa.

Nilikuwa tayari kumwandikia ukali kwa hoja hiyo. Ndipo nikatazama picha yangu.

Iko upande uleule wa kulia, hatua tano kutoka kwenye tope. Inaitwa "Dhahania Na. 2." Ni kijani kitupu, kijani cha aina yake, kinachokaribia manjano kileleni na weusi chini, kimepinda kote kuelekea upande mmoja kwa upepo. Niliipiga nikiwa juu ya tuta, simu nimeinyoosha juu ya kichwa. Watu wengi wameipenda, na niliwaacha waipende. Kipimo changu nilichokizungusha korido nzima sikuwa nimekipeleka hapo. Basi nikakipeleka: kijani, majani. Majani ya nini? Ya mpunga wa kiangazi wa mjomba wangu, mwezi Agosti, wakati maili chache chini yake tope linapasuka. Maji yaliyokosekana kwenye picha ya wa Inyonga yamo kwenye picha yangu. Nilikuwa nimesimama umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye banio nikageuza simu ili lisiingie.

Wakati huo nilijiambia naligeuza kwa sababu za kisanaa, kwamba mifuko ile myeupe ya plastiki inaharibu rangi. Kumbuka wa Karema na kidole chake. Yeye alisihiwa akakiacha. Mimi hapakuwa na mtu wa kunisihi, au nilichagua kwenda peke yangu.

Mjomba nilimwonyesha picha hiyo siku ileile, kwenye simu, tumekaa barazani. Aliishika kwa mikono miwili kama hati, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Picha nzuri, mjomba," akasema. "Ila banio liko wapi?"

Nikamwambia nilitaka rangi tu.

"Hee! Rangi bila banio utaitoa wapi?"

Niliona ni mzee hajui sanaa ya kisasa. Wiki tatu hizi zote nimekuwa nikijibu hoja za wahadhiri na wanafunzi wenzangu kuhusu dhahania, na hakuna aliyeuliza swali lililofika pale. Nami ndiye niliyekuwa nikipiga kelele kwamba picha za maumbile zinadanganya kwa kumkata mtu. Kijana wa madumu alikatwa na Mgeni ili viboko wabaki wafalme. Banio nililikata mimi ili mjomba abaki salama, au ili mimi nibaki msanii. Bado sijaamua ni lipi kati ya hayo mawili, na pengine msomaji mwenye akili timamu atasema ni yote.

Kwa hiyo ile hoja niliyoingia nayo, kwamba dhahania ni ya kweli zaidi kwa kuwa haijifanyi kuonyesha dunia, nimeirudisha nilikoitoa. Ni kweli kwa kutu, ni kweli kwa dagaa. Kwa kijani changu si kweli hata chembe. Picha ya viboko inasema uongo kwa kutaja jina. Yangu ilisema uongo kwa kukataa kutaja. Wa Nsimbo anapinga hili vikali. Anasema nachanganya picha na dhamiri ya mpiga picha, kwamba mtazamaji asiyemjua mjomba wangu anaona kijani halisi na ana haki ya kukifurahia, na mwandishi ameshakufa kama tulivyofundishwa. Hoja yake ina uzito na sijaimaliza. Namjibu tu kwamba mwandishi anaweza kufa, mto nao usichukuliwe kuwa umekufa kabla ya wakati wake.

Juzi jioni, watu walipokwenda kula, niliichomoa picha yangu nikaihamishia kando ya tope la wa Inyonga, fremu kwa fremu, bila hata nafasi ya kidole katikati. Jina "Dhahania Na. 2" nimelifuta. Nimeandika mahali, mwezi, na neno "mpunga." Asubuhi wa Inyonga alikuja hostelini amefura. Anasema nimeiharibu picha yake: ilikuwa peke yake, ikatisha, sasa imekuwa nusu ya hoja ya mtu mwingine. Nilimwambia aondoe basi ile kadi ya wino mwekundu, nami nitairudisha yangu ilipokuwa. Hajaiondoa. Sijairudisha. Mgeni, kwa upande wake, ametafuta ile picha yake kabla ya kukatwa na amekubali kuichapa ndogo, yenye kijana wa madumu, ila anataka tumchangie hela ya kuchapia.

Picha zitashushwa kabla ya mitihani. Anayetaka kuziona azipitie mchana, kwa kuwa taa ya mwisho wa korido imeungua, na tope la Katuma, kama nilivyosema, hubadilika rangi saa kumi.